Mkakamao, si Uimara

Miongoni mwa tafsiri zinazozunguka siku hizi katika vijarida vya afya na vitini vya kufundishia, hakuna inayokera kama "uimara wa tishu". Huandikwa kwa utulivu, bila alama za kunukuu, kana kwamba ilishapitishwa na waliostahili kuipitisha. Kinachokusudiwa ni ile sifa ya tishu kukataa kubonyea, kupinda au kurefuka inaposukumwa au kuvutwa. Sifa ambayo imechunguzwa kwa zaidi ya miongo miwili kama mojawapo ya mambo yanayoamua seli itageuka kuwa nini na uvimbe utaelekea wapi. Sasa tumchukue mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, asomewe kwamba "uimara wa ini lake umeongezeka". Atamshukuru Mungu na kwenda zake nyumbani. Neno "imara" halijapata kubeba ubaya katika lugha hii: nyumba imara, ndoa imara, uchumi imara, msimamo imara. Kumwambia mtu kwamba ini lake limeimarika, ilhali kipimo kinaonyesha kuwa linajaa makovu, hakuwezi kuitwa udhaifu wa mtindo. Ni habari ya uongo iliyovishwa vazi la istilahi.

Walioteua neno hilo huenda walidhani kwamba kitu kisichopinda lazima kiwe na nguvu. Uhandisi ulishaachana na dhana hiyo zamani. Mwingereza Thomas Young, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, alieleza kipimo ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake, na kipimo hicho hakiulizi kitu kitavunjika lini. Kinauliza ni nguvu kiasi gani inahitajika ili kitu kibadilike umbo kwa kiasi fulani. Uimara unahusu mwisho wa safari, pale kitu kinapokatika. Sifa tunayoizungumzia inahusu mwanzo wake, pale kitu kinapoanza kusalimu amri au kukataa. Chapati iliyolala inakataa kukunjwa, lakini ukiilazimisha inavunjika vipande viwili. Hakuna mpishi atakayeisifu kwa uimara. Ini lenye makovu liko vivyo hivyo: halibonyei, na hapo hapo limeshindwa na kazi yake. Kamati yoyote iliyokaa na kulipana posho ya kikao ingepaswa kuliona hilo kabla ya chai ya saa nne.

Wapo wenye busara zaidi wanaosema tuandike "ugumu" na tuachane na mabishano. Hoja yao haipaswi kudharauliwa. Mzizi -gumu ni wa Kibantu wa kale, una ndugu katika lugha nyingi za jirani, na ndilo neno linalomjia mama anayejipapasa titi na kugusa kitu tofauti na nyama iliyokizunguka: kivimbe kigumu. Tena wana ushahidi wa kigeni wa kuegemea. Mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani walipoonyesha kwamba seli iliyowekwa mpakani, upande mmoja laini na upande mmoja usiobonyea, huhamia upande usiobonyea, waliuita mwendo huo kwa jina lililoanza na neno la Kilatini "durus", yaani -gumu. Kama wenyewe wamesema ugumu, sisi ni nani? Jibu ni kwamba deni la Kilatini si letu kulilipa. Watu hao hao, pamoja na jina walilolichagua, walipima kwa kipimo cha Young, wala hawakupima kwa kukwaruza au kutoboa uso wa kitu, jambo ambalo ndilo ugumu hasa katika elimu ya metali na mawe. Jina likapotoka kidogo na kipimo kikabaki sahihi. Wao walikwisha kuelewana na hawakupata hasara. Sisi tunaanza upya, na anayeanza upya hana sababu ya kurithi mchepuko wa mwingine.

Kuna kasoro nyingine ya "ugumu", nayo ni ya nyumbani kabisa. Neno hili lina kazi ya pili ambayo siku hizi inaizidi ya kwanza: ugumu wa maisha, ugumu wa mtihani, ugumu wa kupata dawa. Sentensi "ugumu wa tishu huathiri ukuaji wa seli" inaweza kusomwa na mtu mwenye akili timamu kuwa tishu ni kitu kigumu kukielewa, au kwamba tishu zimo katika shida. Atajisahihisha, ni kweli, lakini istilahi inayomlazimu msomaji kujisahihisha kila inapotokea haijafanya kazi iliyoitiwa. Na tukiitumia kwa sifa hii, tutaiita nini ile sifa ya uso kukataa kukwaruzwa? Daktari wa meno anayehitaji kusema jambo kuhusu tabaka la nje la jino atakuta neno lake limeshachukuliwa na daktari wa ini.

"Unyumbufu" ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu umetegwa na watu wanaojua fizikia. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walichapisha kazi ambayo sasa kila mwanafunzi wa fani hii anaifahamu. Walichukua seli shina za uboho, wakaziweka juu ya jeli za viwango mbalimbali. Katika jeli laini mno, kati ya kilopaskali 0.1 na 1 kama ubongo, seli zilianza kuchukua sura ya seli za neva. Kati ya 8 na 17, zikaelekea kwenye misuli. Kati ya 25 na 40, zikaelekea kwenye mfupa. Chakula kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kile ambacho seli ilikishika ilipojaribu kujivuta. Kichwa cha makala yao kwa Kiingereza kilitumia neno ambalo kamusi zetu hulitafsiri kuwa unyumbufu, na watafsiri wakalibeba jinsi lilivyo. Matokeo yake ni sentensi isemayo kwamba mfupa una unyumbufu mkubwa kuliko ubongo. Kwa mwanafizikia anayefikiria tarakimu ya Young, haina kosa. Kwa Mswahili yeyote mwingine, kitu chenye unyumbufu ni kile kinachonyumbuka, kama mpira au ufito mbichi, na sentensi hiyo inasema kinyume cha ukweli. Istilahi inayopindua maana inapovuka kizingiti cha maabara haistahili kutetewa kwa kuwa tu ndani ya maabara inaeleweka.

Tugeukie basi kitenzi ambacho lugha imekuwa nacho muda wote, kikingoja. Ngozi mbichi ikikaushwa hukakamaa. Maiti hukakamaa. Mguu uliokaa mno bila kunyooshwa hukakamaa. Katika matumizi yote hayo kuna mambo matatu kwa pamoja: kitu kilikuwa kikikunjika, sasa hakikunjiki, na badiliko hilo limekiingia taratibu likakikalia. Si jiwe linalokakamaa. Jiwe lilizaliwa gumu. Kukakamaa ni historia ya kitu kilichokuwa laini. Kwa sauti yake, kitenzi hiki kimo katika ukoo mashuhuri wa vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili: chakaa, sinyaa, pumbaa, zubaa, duwaa, shangaa. Karibu vyote vinataja hali inayomkalia mtu au kitu, mara nyingi bila yeye kuitaka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilivyovitaja kinachohitaji mtendwa. Huwezi "kumkakamaa" mtu. Ukitaka kumtia katika hali hiyo inabidi useme kukakamaza. Hiyo ndiyo sarufi ya ugonjwa wenyewe. Tishu haipigwi ikawa hivi. Inakuwa hivi, siku baada ya siku, huku nyuzi za kolajeni zikiongezeka na kufungamana.

Kutoka kitenzi hicho kuna nomino mbili, na hapa ndipo ninapoachana hata na marafiki. Iliyozoeleka ni "ukakamavu", nayo ingefaa kama isingekwisha kuchukuliwa na gwaride. Askari hutembea kwa ukakamavu. Kijana husifiwa kwa ukakamavu wake. Kiongozi hutetea hoja kwa ukakamavu. Ini lenye ukakamavu lingestahili nishani. Tungekuwa tumerudi pale pale kwenye "uimara", ila kwa njia ndefu zaidi. Nomino ya pili huundwa kwa m- mwanzoni na -o mwishoni, na njia yake imekanyagwa tangu zamani: kutoka shangaa tuna mshangao, kutoka ng'aa tuna mng'ao, kutoka tambaa tuna mtambao, na kutoka kaa lenyewe tuna mkao. Kutoka kakamaa, basi, mkakamao. Hakuna kiambishi kilichobandikwa kwa gundi, hakuna vipande vya maneno matatu vilivyoshonwa kama viraka, mchezo ambao baadhi ya waundaji wetu wa istilahi wanaupenda kupita kiasi. Ni neno ambalo msikilizaji analielewa kabla hajalisikia.

Hapa nimepingwa kwamba mkakamao unataja tendo, yaani ule mwendo wa kukakamaa, badala ya sifa inayoweza kuandikiwa tarakimu. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama ukoo wenyewe ungeliunga mkono. Lakini mng'ao si tendo la kuanza kung'aa. Ni sifa ya kitu, inayozidi na kupungua, na hakuna anayeshtuka akisikia mng'ao mkubwa au mng'ao hafifu. Mkao ni jinsi kitu kilivyokaa. Mkakamao nao ni kiasi ambacho kitu kimekakamaa. Mwendo wenyewe tayari una jina lake, kukakamaa, na lugha inayoweza kutenganisha tendo na sifa kwa kubadili silabi mbili tu haina haja ya kuazima.

Neno hupimwa kazini, na kazi ya hili ni kueleza kinachotokea kati ya seli na mahali inapokaa. Seli haikai kama abiria. Kwa protini ziitwazo integrini hushika nyuzi zilizo nje yake, kisha kwa aktini na miosini, mitambo ile ile ya msuli, huvuta. Nyuzi zikifuata, mvutano ndani ya seli unabaki mdogo. Nyuzi zikikataa, mvutano unapanda, mishiko inakua na kukomaa, na habari inafika kwenye kiini. Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo huko Padova, Italia, lilionyesha kwamba protini mbili, YAP na TAZ, hubeba sehemu kubwa ya habari hiyo: juu ya tishu iliyokakamaa huingia katika kiini na kuwasha jeni za kukua, juu ya iliyo laini hubaki nje. Tazama jinsi maelezo yote haya yalivyosimama juu ya wazo moja la kuvuta na kukataliwa. Seli haipimi nguvu ya kukatika ya nyuzi, kwa hiyo haipimi uimara. Haikwaruzi uso, kwa hiyo haipimi ugumu. Inavuta na kusubiri jibu, na jibu hilo ndilo mkakamao.

Tangu mwaka 1997 Robert Pelham na Yu-li Wang walikuwa wameonyesha, kwa jeli za poliakrilamidi, kwamba seli hutandaa na kutembea tofauti kulingana na jeli ilivyo laini au la. Lakini aliyeupeleka mjadala huu katika saratani kwa kishindo ni Valerie Weaver na wenzake. Mwaka 2005 waliripoti kwamba tezi ya kawaida ya titi la panya ilikuwa na mkakamao wa paskali mia moja na kitu hivi, ilhali uvimbe ulifika takriban 4,000. Wakachukua seli za titi zisizo na saratani, ambazo katika jeli laini hujipanga kuwa vifuko vya duara vyenye uwazi katikati, wakaziweka katika jeli iliyokakamaa kama uvimbe. Uwazi ukajazwa, mpangilio ukavurugika, seli zikaanza kuonyesha tabia za uvimbe. Mwaka 2009 wakaenda mbali zaidi: kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni moja kwa nyingine, lisili oksidesi, kilipozuiwa katika panya walioumbwa kupata saratani ya titi, idadi ya waliopata uvimbe ilipungua. Hoja kwamba kukakamaa ni matokeo tu ya saratani, kama moshi unavyofuata moto, ilianza kuyumba hapo. Mkakamao ulikuwa miongoni mwa visababishi. Jambo hili linaongeza ulazima wa neno safi: kisababishi kinapoitwa "uimara", msomaji ataelewa kwamba tishu yenye afya njema ndiyo inayoleta saratani.

Kuna matokeo ya mwaka 2007 ambayo peke yake yangetosha kuzika "ugumu". Watafiti wa California walichukua seli kutoka majimaji ya kifuani ya wagonjwa, wakazibonyeza kwa sindano ndogo mno ya hadubini ya nguvu za atomu, wakakuta kwamba seli za saratani zilizosambaa ni laini kwa zaidi ya asilimia 70 kuliko seli za kawaida zilizokuwa katika majimaji hayo hayo. Yaani uvimbe umekakamaa lakini seli zake zimelegea, na pengine ulegevu huo ndio unaoziwezesha kupenya katika njia nyembamba za mwili. Ukisema saratani ni "ngumu" na seli ya saratani ni "si ngumu", umepiga kelele mbili zinazofutana. Ukisema mkakamao ni wa kiunzi cha nyuzi na ulegevu ni wa seli, kila upande umepata mwenyewe. Vivyo hivyo kwa uzito unaoonekana kwenye picha ya eksirei ya titi, ambao nao huongeza hatari ya saratani: huo ni wingi wa nyuzi na tezi unaozuia miale, na ingawa una uhusiano na mkakamao, si kitu kimoja. Mwandishi aliyetupa "uimara" katika sehemu zote mbili ametupunguzia sayansi.

Atasimama mtu aulize kama mabishano haya yana faida, maana tiba zenyewe zilizolenga kulainisha tishu hazijafika mbali. Ni kweli. Simtuzumabi, dawa iliyozuia kimeng'enya cha jamii ya lisili oksidesi, ilishindwa katika majaribio kwa wagonjwa wa makovu ya ini na wa saratani ya kongosho. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha katika panya kwamba ukiondoa tu seli zinazotengeneza kiunzi hicho katika saratani ya kongosho, uvimbe unaweza kuwa mkali zaidi. Lakini angalia somo linalotokana na kushindwa huko: kiunzi kina kazi zaidi ya moja, na kukipunguza si sawa na kukilegeza. Anayetaka kueleza tofauti hiyo kwa Kiswahili atahitaji neno la wingi wa nyuzi, neno la kufungamana kwake, na neno la jinsi tishu inavyokataa kuvutwa. Kushindwa kwa dawa kunadai istilahi kali zaidi, si legevu zaidi.

Wengine watasema madaktari wetu wanaelewana kwa Kiingereza na yatosha. Wanaelewana wao. Mashine ya FibroScan, iliyotoka Ufaransa mwanzoni mwa karne hii, hugonga ngozi kati ya mbavu; mtikiso husafiri ndani ya ini, na ultrasaundi huufuata ili kupata kasi yake. Mtikiso hukimbia zaidi katika ini lililokakamaa: kwa mita 1 kwa sekunde mkakamao ni takriban kilopaskali 3, na kwa mita 2 ni 12, kwa kuwa kasi hupandishwa kipeo cha pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B unachukulia zaidi ya 12.5 kwa mtu mzima kuwa dalili ya sirosisi. Saratani ya ini, ambayo Afrika Mashariki inaijua vyema kwa sababu ya virusi hivyo na ya sumukuvu katika mahindi na karanga, kwa sehemu kubwa huota juu ya ini lenye makovu ya miaka mingi. Tarakimu hiyo inakabidhiwa mgonjwa, tena mgonjwa huyo anazungumza Kiswahili. Akiambiwa "mkakamao wa ini lako ni 14", hata kama hajawahi kulisikia neno, kitenzi kilichomo kitamwonya. Sijaona bado kamati iliyomfikiria yeye kabla ya kufikiria urefu wa orodha yake ya maneno.

Kwa matumizi, basi: mkakamao wa tishu, mikakamao ya tishu mbalimbali, tishu imekakamaa, imelegea, kukakamaa kwa mwendo na kukakamaza kwa kinachousababisha, kipimo kwa paskali. "Ukakamavu" waachiwe wenye gwaride.